Nilimhoji mama wa milima ya Andes wiki sita, jina lake silijui mpaka leo

Trrrrrr… tok. Trrrrrr… tok.

Hiyo ndiyo sauti. Kijiti chembamba kinazunguka juu ya mfuniko wa ndoo ya sabuni, kinaishiwa nguvu, kinagonga, halafu vidole vinakizungusha tena. Nyuma yake mashine za kufulia zinanguruma kama lori limekwama kwenye tope, lakini mimi nasikia kijiti tu.

Hata sasa hivi ninavyoandika nakisikia.

Wakuu, nawasalimu popote mlipo. Mimi ni msomaji wa kimya humu. Miaka mitatu nasoma visa vyenu nikiwa kwenye basi, nacheka peke yangu mpaka wazungu wanahama siti. Leo ndiyo mara ya kwanza nafungua uzi wangu mwenyewe. Nitakachoandika kimenipata mimi, sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, na chuo sikitaji.

Wale wasioamini, wa "hii ni chai", karibuni sana. Kwa baridi ya huku, chai inahitajika.

Uandishi mniwie radhi. Mimi ni form four wa Makete, na division niliyopata ilikuwa ya kuombewa.

Twende.

Niko Minnesota, kwenye hii miji miwili iliyoshikana, Minneapolis na Saint Paul. Aliyenileta ni shangazi yangu, dada yake baba. Nimwite Shangazi Tumaini. Ni nesi, ana nyumba Maple Grove, ana mume na watoto wanaokusikia ukiongea Kiswahili halafu wanakujibu kwa Kiingereza.

Mimi napanga chumba Richfield na dada mmoja Mkenya, Wanjiru. Tunafanya kazi pamoja kwenye group home, nyumba ya kutunza watu wazima wenye ulemavu. Kazi naipenda, niseme ukweli. Wale watu wana roho nzuri.

Sasa huku ukikutana na mtu wa kwetu, akishakuuliza habari za siku nyingi, swali linalofuata ni "unasomea nursing wapi?" Hakuulizi kama unasomea nursing. Anauliza wapi.

Na mimi ndiyo njia niliyokuwa nimeshikishwa. Nikasoma chuo cha miaka miwili, polepole, huku nafanya shift, halafu mwaka huu nikahamia chuo kikuu. Muhula wa kwanza walitaka uchukue somo moja lisilo la sayansi. Nilichelewa kujiandikisha. Nafasi zilizobaki zilikuwa kwenye darasa moja tu, linaitwa Andean Studies.

Nilidhani Andes ni jina la mwanafalsafa.

Kumbe ni milima. Ile mirefu ya Amerika ya Kusini, Ekwado, Peru, Bolivia, huko wanakoongea Kihispania. Na somo lenyewe si historia tupu. Darasa moja walimu watatu. Jumatatu mwanahistoria, mama mmoja mfupi mpole, humu nitamwita Dokta. Jumatano mwalimu wa muziki na dini. Ijumaa mwalimu wa udongo na mazao, ambaye muda wote viatu vyake vina matope, sijui anayatoa wapi wakati nje kumeganda.

Siku ya kwanza Dokta akaweka picha ukutani.

Wakuu, niliona Makete.

Nasema kweli tupu. Vilima vya kijani, ukungu umelala chini, matuta ya viazi yamepanda mpaka juu kabisa, kondoo, mama amejifunga shuka zito na mtoto mgongoni, mashavu ya mtoto yamepasuka kwa baridi. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Hee, nyumbani!"

Darasa zima likageuka. Nikajifanya natafuta kalamu.

Ijumaa yake ndiyo yule mwalimu wa matope akasema viazi mviringo asili yake ni huko. Watu wa milima ile ndio waliovitoa porini na kuvilea, maelfu ya miaka, aina kwa aina. Mimi nimechimba viazi tangu nina miaka sita. Nimebeba viazi, nimekula viazi asubuhi mchana jioni, ada yangu ya shule ilitoka kwenye viazi. Na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba viazi vina kwao.

Nilitoka darasani mwepesi. Nikaanza kuota, si mnajua vijana. Nitasoma hii kitu mpaka mwisho. Nitaenda huko nione kwa macho. Nitarudi Makete niwaambie watoto kwamba upande wa pili wa dunia kuna wenzao wanaamka na baridi ileile, wanaota moto jikoni kwenye majivu yaleyale, na wana nyimbo.

Nikaamua moyoni: hii ndiyo nitakayosomea. Nursing basi.

Shida ikawa, hakuna wa kumwambia.

Darasani tulikuwa watu ishirini na kitu. Kila mtu alikuja na mwenzake. Wakiambiwa jigaweni vikundi, mimi nabaki nimesimama kama kigingi mpaka mwalimu ananichomeka mahali. Mchana nilikuwa nakula kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, kwa sababu kwenye cafeteria meza ya watu wanane kukaa peke yako inauma zaidi. Nilipompigia mama simu nikamwambia nasoma kuhusu watu wanaolima viazi mbali sana. Mama akauliza, "Na hao wazungu wanakufundisha viazi wewe?"

Tukacheka wote. Simu ikakatika. Nikarudi kwenye ngazi zangu.

Sasa ikaja Jumapili moja.

Tunasali ukumbi wa kukodi kule Fridley. Wakenya wengi, ndugu zetu wa Kongo, Watanzania wa kuhesabu. Shangazi akasimama kutoa shukrani. Akasema Mungu ni mwema, mimi binti yake niliyetoka kijijini bila kujua hata kushika kompyuta, leo niko chuo kikuu nasomea unesi.

Vigelegele. Mama wa Kikongo aliye nyuma yangu alipiga mpaka sikio likaziba. Pasta akaniita mbele, akina mama wakaniwekea mikono kichwani, wakaibariki mikono yangu iguse wagonjwa wapone.

Nililia. Wao wakadhani nimeguswa.

Kwenye gari nikashindwa. Nikasema, "Shangazi, nisamehe. Sijajiandikisha nursing. Nataka kusomea Andes."

"Andes ndiyo nini? Hospitali?"

"Ni milima, Shangazi."

Akaendesha. Akapita taa mbili.

"Milima," akasema, akanitaja jina. "Twilumba. Umezaliwa Makete, milimani. Umepanda ndege, ukabadilisha, ukapanda nyingine, ukaja kwenye nchi imelala kama meza. Usomee milima."

Nikacheka bila kutaka. Na yeye mdomo ukamcheza kidogo, lakini akajikaza.

"Unajua mimi nilitaka kuwa nani?" akauliza. "Hujui. Hakuna anayejua. Nilikuja hapa nikawa nesi, na baba yako akapata bati juu ya nyumba yake. Ndivyo ilivyo."

Halafu akasimamisha gari nje kwangu, akanigeukia. "Nakupa muhula huu mmoja. Hicho kitu chako cha milima, ukipata A, sitasema neno tena, na kanisani nitasimama mwenyewe nirekebishe. Ukikosa A, Januari unaanza anatomy ya unesi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Shangazi. Ahsante."

"Usiniambie ahsante. Kasome."

Kwa hiyo wakuu, muielewe hali yangu. Yote yaliegemea kwenye ile A.

Na sehemu kubwa ya maksi ilikuwa project moja. Kila mwanafunzi atafute mzee anayetoka ukanda ule, amrekodi akisimulia maisha yake, aandike, alete. Minneapolis ina watu wa Ekwado wengi kuliko unavyodhani. Wenzangu darasani wakaenda kwenye mashirika na makanisa wakapewa wazee. Mimi simjui mtu.

Jumanne moja mchana niko laundromat, nyumba ya mashine za kufulia za kulipia, pale karibu na kwetu, nakunja nguo, nikasikia ile sauti.

Trrrrrr… tok.

Nikainua kichwa. Pembeni ya dirisha amekaa mama mtu mzima, kofia nyeusi ya duara, nywele zimesukwa msuko mmoja mrefu mgongoni, sketi nzito ya sufu, chini amevaa viatu vya snow vya kiume. Mkono wa kushoto ameshika fungu la manyoya ya kondoo, wa kulia anazungusha kijiti. Anasokota sufu. Ndani ya laundromat. Watu wanapita na vikapu vyao kama hawamwoni.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na kondoo. Miguu ikanipeleka yenyewe.

Sikumwambia nina project. Nilimwamkia. Nikapiga goti kidogo kama kwetu, nikasema kwa Kihispania cha darasani, "Habari za mchana, mama. Pole na kazi." Pole kwa Kihispania haipo, nikasema kitu cha ajabu tu.

Akanitazama magoti. Akatabasamu. Akasogeza kikapu chake nikae.

Kitu kilichotuokoa ni kwamba Kihispania chake pia hakikuwa cha kuzaliwa nacho. Lugha yake ni Kikechua, ya wenyeji wa kule milimani. Kwa hiyo wote wawili tulikuwa tunatembea polepole kwenye lugha ya watu, tunaokota neno moja moja. Nilimwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa mwalimu wangu wa Kihispania.

Nikamuuliza, "Mama, una watoto?"

"Sita. Wa kwanza ni Rosa. Ndiye ninayekaa naye hapa."

"Basi wewe ni Mama Rosa," nikasema.

Akacheka, meno mawili yana dhahabu. "Mama Rosa," akarudia. "Haya."

Hapa naomba nisimame kidogo, maana ndipo nilipopotea na mwenzenu sikujua.

Kwetu mtu mzima humwiti jina. Ni kama kumvua nguo. Mama yangu mwenyewe jina lake nililijua nikiwa darasa la nne, nilipolisoma kwenye kadi ya kliniki, na nikaona aibu kama nimechungulia. Mtaa mzima nimekulia nikiwajua akina mama kwa majina ya watoto wao. Kumuuliza mtu aliyenizidi hivyo "jina lako nani?" mdomo wangu haufanyi hivyo, wakuu. Haufanyi tu.

Na kulikuwa na fomu. Dokta alitugawia siku ya kwanza: jina kamili la anayehojiwa, mwaka wa kuzaliwa, mahali, saini. Akasema isainiwe kabla hujaanza kurekodi. Mimi nikaikunja nikaiweka kwenye begi. Utaanzaje na mama wa watu, hata hamjazoeana, unamtolea karatasi asaini? Kwetu karatasi ya kusaini anakuja nayo mtendaji wa kijiji, na akija nayo ujue kuna jambo. Nikasema nitamaliza nayo mwishoni, tukishakuwa watu.

Kurekodi nilimwomba. Nilimwonyesha simu, nikamweleza ni kwa ajili ya chuo, akasema weka hapo juu ya mashine.

Wiki sita. Kila Jumanne mchana. Mimi nabeba maandazi, yeye anabeba mahindi ya kukaanga kwenye mfuko. Rosa alikuwa anamshusha na mzigo wa nguo za familia akienda kazini, anamchukua baadaye. Sufu aliletewa na mkwe wake anayefanya kazi kwenye zizi la kondoo nje ya mji.

Alinisimulia vitu ambavyo Dokta anavifundisha kwa ramani, yeye anavifundisha kwa magoti yake.

Alizaliwa kwenye shamba la bwana. Shamba moja kubwa mlima mzima, mwenyewe ni mtu mmoja, na ninyi mnaoishi humo mnamfanyia kazi ili mruhusiwe kulima kipande cha juu kabisa, palipo na baridi, pasipomfaa yeye. Akiwa na miaka minane akapelekwa nyumba kubwa kutumika. Wasichana walikuwa wanne. Bwana hakutaka kusumbuka na majina yao, akawaita wote María. María, lete maji. Anaenda yeyote aliye karibu.

Baadaye serikali ikagawa yale mashamba, baba yake akapata kipande. Akanieleza siku watu walivyotoka wote kuchimba mfereji wa maji pamoja, wanawake kwa wanaume, kila nyumba inaleta chakula. Nikamwambia sisi tunaita msaragambo. Akajaribu kulitamka, akashindwa, tukacheka mpaka mzungu mmoja akatuuliza kama tuko salama.

Jumanne ndiyo ikawa siku yangu. Siku nyingine sita nilikuwa nazimaliza tu.

Wiki ya nne kuna kitu alisema. Alikuwa anasokota, mimi nakunja soksi za wajukuu zake. Akasema taratibu, "Wewe hujawahi kuniuliza jina langu."

Nikaona ananitania. Nikamjibu kwa heshima zote, "Nitawezaje, Mama Rosa? Wewe ni mama yangu."

Akaniangalia. Akarudi kwenye sufu. Akaanza kuongea Kikechua, peke yake, kwa muda, kama anamwambia kijiti. Mimi nikaona raha, nikasema moyoni leo nimemheshimu mtu mpaka amekumbuka kwao.

Wiki ya saba nikaja na fomu. Hakuwepo.

Nikasubiri mpaka nguo za watu wote zikakauka. Wiki iliyofuata hakuwepo. Iliyofuata nikamuuliza dada anayeangalia zile mashine. Akasema niangalie vizuri humo ndani. Nikaangalia. Ni kweli, wale akina mama wa Kihispania waliokuwa wanajaza viti vya dirishani hawakuwepo hata mmoja.

"Wengi wameacha kuja," akasema. Akashusha sauti. "Yule bibi wa kofia, nasikia binti yake amehama state. Au wamerudi kwao. Sijui, mpenzi."

"Binti yake anaitwa Rosa nani?"

Akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau. "Kwa nini unataka kujua?"

Mkononi nina fomu, wakuu. Mgeni, kipindi hiki wahamiaji wanakamatwa, na fomu, anauliza majina ya watu. Nikajiona kwa macho yake. Nikaikunja, nikatoka.

Nikaenda ofisini kwa Dokta. Nilishaandika kurasa ishirini na mbili. Akawa amezisoma, akaniambia kwa upole kwamba tangu afundishe ni wachache wamemletea kitu kama kile. Moyo ukaruka. A hiyo, nikasema.

"Rosa ni jina lake?" akauliza.

"Hapana. Rosa ni binti yake."

"Na yeye?"

"Yeye ni Mama Rosa."

"Jina lake, Twilumba."

Akasubiri. Nikaanza kumweleza za kwetu, kadi ya kliniki, adabu. Alisikiliza yote, hakucheka. Mwishoni akasema, "Nakuelewa. Lakini bila jina lake na saini yake siwezi kuipokea. Maisha yake ni mali yake. Na sauti usimpe mtu mwingine. Mwisho wa fomu ni Ijumaa."

Ilikuwa Jumatano.

Nyumbani nikamkuta Wanjiru anakaanga sukuma. Nikamwaga yote.

"Sasa unalia nini?" akasema. "Si u-sign tu! Nani atajua? Hiyo fomu itaenda kwa file ikae huko mpaka Yesu arudi."

"Nitaandika jina gani sasa?"

"Wee, hawa si wote huitwa María? Andika María. María Rosa something something. Chora line hapo chini. Kwisha. A yako, Shangazi anyamaze, tukule."

Alisema kwa upendo, nataka muelewe. Wanjiru ni mtu ambaye angenipa figo. Na nitawaambia ukweli, nilichukua kalamu. Nilikaa kitandani nikaweka fomu juu ya goti. Nikaandika M. Nikaandika a.

Mkono ukasimama.

María, lete maji.

Asubuhi yake kwenye basi nikaweka earphone nikasikiliza ile rekodi ya wiki ya nne. Mara hii nilijisikiliza na mimi. "Wewe hujawahi kuniuliza jina langu." Halafu kuna kimya kirefu, kijiti hakizunguki. Mimi sikukisikia kile kimya siku ile. Halafu inakuja sauti yangu, changamfu hiyo, "Nitawezaje, Mama Rosa?" Halafu dakika mbili kasoro za Kikechua ambazo sielewi hata neno.

Alikuwa amefungua mlango, wakuu. Mama ambaye utoto wake wote waliomtuma hawakumuuliza jina, alitaka mtu mmoja aulize. Nikaufunga mlango kwa adabu zangu. Mimi naona namvika heshima, kumbe kwake nimesimama palepale alipokuwa amesimama bwana.

Nilipitiliza kituo cha chuo. Nikashuka mbele sana, nikarudi kwa miguu kwenye snow, machozi yanaganda kabla hayajafika kidevuni. Hilo ni la kweli, linatokea huku.

Ijumaa nikarudisha kwa Dokta fomu mpya, tupu. Nikamwambia aondoe kurasa zangu. Badala yake nikamwandikia kurasa nne, kwa siku mbili alizoniongeza, kuhusu viazi vya kwetu na vya kwao. Zilikuwa kurasa za haraka, nazijua.

Nikapata B.

Nilimpigia Shangazi mwenyewe, sikutaka asikie kwa mtu. "Shikamoo Shangazi. Nimepata B."

"Marahaba. B si mbaya," akasema.

"Tulisema A."

"Tulisema A," akakubali. Nilitegemea atafurahi. Alikuwa na sauti ya mtu aliyeshinda kitu asichokitaka. "Ilikuwaje?"

Nikamweleza. Yote, mpaka María. Upande wa pili nikasikia ameketi.

"Huku kazini," akasema, "wagonjwa wananiita Nurse. Wengine Honey. Miaka kumi na tisa." Halafu akasema ana kitu jikoni, akakata.

Januari naanza anatomy. Ahadi ni ahadi, na Shangazi amenibeba sana, simvunji.

Nilichojifunza? Sitaki kujifanya mwalimu, lakini nitasema hiki. Heshima uliyolelewa nayo ni nzuri, itunze. Ila muulize mtu unayemheshimu anapenda aheshimiwe vipi, usimpimie shati kwa mwili wako. Na kama kuna mtu mzima maishani mwako unamwita Mama Fulani au Baba Fulani, siku moja kaa naye umuulize jina alilopewa yeye. Mimi nilimpigia mama yangu wiki hiyohiyo, nikamwomba alitamke mwenyewe. Akasema, "Una homa?" Halafu akalitaja. Alilitaja kwa aibu, kama msichana.

Msiniombe niweke audio humu. Siweki. Na PM za "nipe location nimtafute" pia siombi, mwacheni alipo awe salama.

Ila ninyi mliokaa ugenini, hebu semeni: mmewahi kumkosea mtu kwa sababu ya malezi mema? Au ni mimi tu? Na wale mnaosema nilikuwa mjinga, ningesaini tu, njooni na nyinyi, nitawasoma wote, nina muda. Nyumba ni kimya. Wanjiru yuko shift.

Leo mchana nilikuwa hapa mezani nafungua mtandao wa chuo kujiandikisha. Anatomy nikaiweka ya kwanza, kama nilivyoahidi. Maabara yake. Hesabu. Ikabaki nafasi ya somo moja, la hiari, wengi huiacha wapumzike.

Nikashuka mpaka chini kabisa kwenye orodha ya lugha. Kikechua cha kuanzia, saa mbili asubuhi, waliojiandikisha watatu.

Nikabonyeza. Ukurasa ukazunguka kidogo, ukafunguka tena.

Wanne.